USIHUKUMU SAHANI YA NDUGU YAKO

Masomo: Warumi 14, Marko 7:14-23, Danieli 1:8-16, Wagalatia 2:11-14. Usome kwanza Biblia yako, kisha ufuate somo hili.



Somo la mara hii ni juu ya neno linalopita kati yetu kila siku, na hatulihesabu kuwa kitu. Mtu ameketi mezani, ameomba, ameanza kula. Mwenzake anaangalia sahani yake na kusema neno juu ya chakula chake. Hakuna aliyemwuliza. Hakuombwa shauri. Lakini amesema, na wote wamesikia.

Maneno yenyewe tunayajua:

– "Ee! Angalieni, huyu iko anakula madudu!"
– "Weye Mkristo wa namna gani, unakula nguruwe?"
– "Juu ya nini hauli nyama? Unajifanya mtakatifu?"
– "Tena bugali? Tumbo yako haina mwisho!"
– "Kwenu kila siku sombe tu? Baba yako hana feza?"

Anayesema anacheka. Anasema ni mchezo. Basi tutazame matunda ya mchezo huu. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja interna na kopo la viwavi vikavu. Mama yake aliviokota mwituni, akavichemsha na chumvi, akavikausha juani, ili mtoto aongeze kwa maharagi mpaka mwisho wa trimestri. Siku mbili meza nzima ilicheka. Siku ya tatu alimwaga kopo lote katika choo. Tangu siku ile alikula maharagi matupu, na siku ambazo maharagi yalikuwa machache alilala na njaa. Kazi ya mama ya siku nyingi iliharibika kwa maneno ya dakika moja. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja.

Kwa hiyo somo hili si la adabu ya meza tu. Ni somo la njaa ya ndugu, na la roho yake.

I. KANISA LA ROMA LILIKUWA NA SHIDA HII

Wamoja wanafikiri kwamba maneno ya chakula ni madogo, hayastahili kuhubiriwa. Lakini Paulo alitumia sura nzima kwa ajili yake katika barua kubwa kuliko zote alizoandika.

Tukumbuke habari. Katika kanisa la Roma walikuwamo Wayahudi na watu wa mataifa. Karibu na mwaka 49 Kaisari Klaudio alifukuza Wayahudi katika mji ule, na hivyo Akila na Prisila walifika Korinto wakakutana na Paulo (Matendo 18:2). Klaudio alikufa mwaka 54, na Wayahudi wakaanza kurudi. Walimu wengi wa Biblia wanafikiri kwamba waliporudi walikuta kanisa limekaa miaka kadhaa mikononi mwa watu wa mataifa, na desturi za meza zimebadilika. Paulo aliandika barua yake karibu na mwaka 57, wakati kidonda hiki kilikuwa kingali kibichi.

Tena, katika miji ya wakati ule nyama ya sokoni iliweza kuwa nyama iliyotolewa kwanza mbele ya sanamu. Mtu mwenye zamiri laini hakujua nyama gani ni safi. Akaona heri aache nyama yote, ale mboga tu. Mwingine alisema moyoni: sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, nitakula. Wote wawili waliamini Yesu. Wote wawili walikuja kwenye meza moja. Hapo vita vikaanza.

II. MAKOSA NI MAWILI, SI MOJA

Angalia vizuri Warumi 14:3. Paulo hawapi watu hawa kosa moja. Anawapa kila upande kosa lake.

Yule anayekula kila kitu, kosa lake ni kuzarau. Anamwona mwenzake kuwa mtoto, mtu wa zamani, asiyefunguka macho. Yule asiyekula, kosa lake ni kuhukumu. Anamwona mwenzake kuwa mchafu, mtu wa dunia, asiyeogopa Mungu. Mmoja anacheka, mwingine anakunja uso. Lakini wote wawili wamefanya kitu kimoja: wameacha sahani yao na kuingia katika sahani ya mwingine.

Dawa ya Paulo ni kuuliza ulizo moja: mtumishi yule ni wa nani? Kama si mtumishi wa nyumba yako, wewe si wa kumpima. Bwana wake yupo, na anaweza kumsimamisha.

Hapa shuleni tuko watoto wa makanisa mbalimbali. Ndugu zetu Wasabato wanafuata Walawi 11: hawali nguruwe, wala kambale kwa sababu hana magamba. Wakimbangu hawali nguruwe wala nyani. Wanafunzi Waislamu hawali nguruwe wala damu, na wanataka kujua nyama ilichinjwa namna gani. Wengine wanashika mwiko wa ukoo, mnyama fulani haliwi kwao. Wengine wako na kufunga, wanaomba. Wengine wanakula vyote kwa shukrani, wakisema kwamba katika Marko 7 Bwana alifundisha ya kuwa kinachochafua mtu kinatoka moyoni mwake, hakiingii kwa kinywa.

Mimi kama Mprotestanti nina imani yangu juu ya jambo hili, na katika somo la dini tunaweza kujadiliana kwa Biblia wazi. Lakini darasani ni darasani, na mezani ni mezani. Mtu mwenye kijiko mkononi hakuja kufanya mtihani.

Na tusisahau: anayetaka kuhukumu hakosi neno. Bwana mwenyewe alisema hivyo katika Luka 7:33-34. Yohana Mbatizaji alikuja hali mikate, hanywi divai, watu wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja anakula na kunywa, watu wale wale wakamwita mlafi. Basi ukila watasema, usipokula watasema. Shida haiko katika sahani, iko katika jicho.

III. "CHAKULA CHETU" KIMETOKA WAPI?

Mara nyingi tunacheka chakula cha mwenzetu kwa sababu tunafikiri chakula chetu njo chakula cha watu wote tangu mwanzo. Historia inatufundisha ingine.

Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482. Katika miaka ya 1500 na baadaye, meli zao zilileta Afrika mimea ya Amerika: muhogo, mahindi, karanga, maharagi haya tunayokula, pilipili, na viazi vitamu. Kabla ya hapo wazee wa inchi hii waliishi kwa mtama, ulezi, viazi vikuu, ndizi, na mboga za mwituni. Kama babu wa babu zetu angaliingia leo katika chumba chetu cha kulia na kuona bugali ya muhogo na sombe, labda yeye angaliuliza: "Watoto, mnakula nini ile?"

Hata sambaza ya ziwa Kivu, ambayo watu wa Bukavu na Goma wanaiita yao, ni mgeni. Samaki hawa walichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika wakatiwa katika ziwa Kivu karibu na mwaka 1959. Leo tunauza na kula sambaza kila siku, na hakuna anayeicheka.

Na "madudu"? Shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilitoa kitabu mwaka 2013 kikionyesha kwamba watu karibu milioni elfu mbili duniani wanakula wadudu. Huku kwetu tuna kumbikumbi na senene, na Kinshasa viwavi vinauzwa sokoni kwa jina la mbinzo, na bei yake si ndogo. Kiwavi kikavu, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, ile chakula yenye kujenga mwili. Na mwenye kusema kwamba mtu wa Mungu hali wadudu, asome Mathayo 3:4 juu ya nzige wa Yohana, na Walawi 11:22, ambapo Torati yenyewe inaruhusu nzige.

Sasa tuunganishe hii na ugonjwa tunaoujua. Huku Kivu unaitwa bwaki, madaktari wanauita kwashiorkor. Miguu ya mtoto inavimba, nywele zinageuka rangi, hana nguvu ya kucheza. Unawapata zaidi watoto ambao bugali ya muhogo ndiyo karibu chakula chao chote, bila maharagi, samaki, mayai, nyama wala wadudu vya kutosha. Kwa makabila kazaa, wanawake wa zamani walikatazwa nyama ya mbuzi au mayai, na aliyekula alichekwa. Ni nani aliyepata hasara? Ni mama mwenye mimba, na mtoto aliye tumboni. Basi tunapomfanya mtoto amwage viwavi vyake, tunamnyima kitu ambacho mwili wake ulikihitaji, na tunakiita mchezo.

IV. JE, TUNYAMAZE SIKU ZOTE?

Mtu anaweza kuuliza: "Yaya, basi kama naona ndugu yangu anakula kitu kibaya, ninyamaze tu?" Hapana. Biblia haitufundishi kunyamaza mbele ya hatari. Tutofautishe hukumu na shauri.

Chukua mfano wa muhogo mchungu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango. Mtu mzima wa afya anaamka na miguu haitii, na hairudi tena kuwa kama zamani. Leo tunajua kwamba konzo inaletwa na sumu iliyo katika muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, hasa kwa watu ambao hawana chakula kingine cha kuongeza. Inatokea mara nyingi wakati wa ukame au wa vita, watu wanapokuwa na haraka na njaa, wanapunguza siku za kuloweka. Majani ya muhogo pia yana sumu hiyo. Kwa hiyo mama zetu wanatwanga sombe vizuri na kuipika muda mrefu.

Ukiona jirani anatoa muhogo mchungu katika maji baada ya siku moja, usinyamaze! Mwambie. Huu si uzarau, ni upendo. Lakini kabla ya kufungua kinywa, jiulize maulizo matatu:

1. Ninajua kwamba kuna hatari ya kweli, ao ni kwamba chakula hiki hakinipendezi mimi tu? Harufu ya makayabu haijaua mtu.

2. Nitamwambia pembeni, sisi wawili, ao nitasema watu wasikie? Mathayo 18:15 inatufundisha kuanza wawili peke yao. Shauri linalosemwa mbele ya meza nzima limekwisha kugeuka kuwa hukumu, hata kama maneno yake ni ya kweli.

3. Niko tayari kusaidia? Kama ninamwambia mama aongeze siku za kuloweka, je, nitamchotea maji, ao nitamgawia maharagi yetu wakati anangoja? Shauri lina mikono. Hukumu ina mdomo tu.

Kama jibu la ulizo moja ni hapana, kula chakula chako.

V. UKIHUKUMIWA WEWE, UJIBU NAMNA GANI?

Sehemu hii ni kwa wale wanaosemwa. Mara nyingi tunawaambia tu "vumilia", na hatuwaonyeshi njia. Mimi naona njia nne.

Ya kwanza, jibu fupi bila kujitetea. "Asante kaka, mimi hii inanitosha." Hauna lazima ya kutoa sababu. Pengine una vidonda vya tumbo na pilipili inakuumiza. Pengine una ugonjwa wa sukari. Pengine feza ya nyumbani imeisha. Pengine umefunga, na Bwana alisema katika Mathayo 6 kwamba anayefunga asijionyeshe kwa watu. Hayo ni maneno yako na Mungu wako, na daktari ao mlezi wako. Si maneno ya meza.

Ya pili, njia ya Danieli. Alikuwa kijana katika masomo ya inchi ya kigeni, na hakutaka chakula cha mfalme. Hakupiga kelele. Hakuwahubiria vijana wengine waliokula. Alimwendea msimamizi, akaomba kwa heshima, akatoa shauri: tujaribu siku kumi kwa mboga na maji, kisha utuangalie. Kama una shida ya kweli na chakula cha interna, fanya vile. Mwendee mlezi ao mpishi kwa wakati wake, mweleze unachoweza kula. Msimamizi wa Babeli alisikia. Wetu pia wanaweza kusikia.

Ya tatu, kwa wakubwa. Katika desturi yetu, kukataa chakula ni kama kukataa mtu. Ukienda kwa shangazi ao kwa nyanya, naye amekupikia kitu usichokula, ukatae chakula bila kumkataa yeye. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, keti, kunywa maji, kula kile unachoweza, ongea naye. Kisha sema polepole: "Mama, asante sana, hii moja tumbo yangu haikubali." Ukikaa naye mpaka mwisho, hatahesabu kwamba ulimkataa.

Ya nne, ni kutorudisha. Hapa njo pagumu. Mtu akikuambia kwenu mnakula madudu, kinywa kinataka kujibu: "Na ninyi kwenu mnakula panya!" Hapo si watu wawili tena wanaosemana, ni kabila na kabila. Inchi yetu imejua vita tangu mwaka 1996. Vita vile havikutoka katika sahani. Lakini mtu aliyezoea kuita watu wengine kwa jina la chakula chao, "wale wala-kitu-fulani", amekwisha kujifunza kuwaona kuwa si watu sawa naye. Wewe uliyetukanwa una nafasi ya kukata kamba hii. Nyamaza mezani. Baadaye mwendee peke yake, umwambie: "Neno lile liliniumiza." Kama hasikii, chukua shahidi mmoja, kisha mweleze mkubwa wa meza.

VI. MEZA NI MAHALI PA INJILI

Petro alijua vizuri kwamba Mungu haangalii taifa. Aliona maono ya nguo iliyojaa wanyama (Matendo 10). Hata hivyo kule Antiokia, watu fulani walipofika kutoka kwa Yakobo, aliogopa maneno yao. Akaondoka polepole kwenye meza ya watu wa mataifa. Wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo hakusema "ni chakula tu". Alimpinga mbele ya wote, kwa sababu aliona kwamba kuondoka mezani ni kuondoka katika kweli ya Injili. Ona pia: Paulo alimkemea kwa kuwa alimwacha ndugu peke yake. Hakumkemea juu ya kitu kilichokuwa ndani ya sahani.

Mwenye uhuru wa kula naye ana mzigo. Katika 1 Wakorinto 8 Paulo anasema yuko tayari kuacha nyama siku zote za maisha yake, kuliko kumwangusha ndugu. Basi asiyekatazwa nguruwe asimpungie mwenzake kipande cha nguruwe usoni. Na mwiko wa sufuria ya nyama usiingizwe katika sufuria ya maharagi, kwa sababu kuna wale ambao maharagi ndiyo chakula chao chote cha siku ile.

Kwa hiyo ninaomba sisi wote, wakubwa kwanza, tushike mambo haya:

– Asiyeulizwa asiseme neno juu ya sahani ya mwingine, wala wingi wake, wala uchache wake.
– Mwenye kuleta chakula cha kwao akile kwa uhuru mezani, si kwa kujificha kitandani.
– Mkubwa wa meza akisikia kicheko cha namna hii akikate mara moja, hata kama anayecheka ni rafiki yake.
– Anayekula peke yake kwa sababu ya maneno ya watu, mmoja wetu ahamie karibu naye.

Shika kwa moyo: Warumi 14:17. Mungu hatatuuliza siku ile juu ya viwavi na kambale. Atatuuliza juu ya haki, amani na furaha, kama vilipatikana kwenye meza yetu.

MAULIZO YA KUJIFUNZA (kwa vikundi vya siku ya Mungu)

1. Kosa la anayekula ni nini, na kosa la asiyekula ni nini? (Warumi 14:3) Wewe unaanguka zaidi katika lipi?
2. Danieli alimwambia nani shida yake, na hakuwaambia akina nani?
3. Toa mfano mmoja wa shauri la upendo juu ya chakula, na mfano mmoja wa hukumu. Tofauti iko wapi?
4. Kati ya vyakula tunavyoviita vyetu, vipi vilitoka mbali? Waulize wazee nyumbani wakati wa likizo.
5. Je, kuna mtu katika meza yako anayeficha chakula chake? Kikundi chenu kitafanya nini juma hili?

TUOMBE: Bwana, wewe uliketi kula na watoza kodi, na watu wakakusema. Linda vinywa vyetu tunapokula, na linda vinywa vyetu tunapotazama wengine wakila. Asiwepo kati yetu mtoto anayelala na njaa kwa sababu ya maneno yetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.